Juba Ina Mlinzi, Bahari Haina: Hatari ya Dhoruba kutoka Kismayu hadi Ngumi

Mijadala ya maafa kusini mwa Somalia huanzia mtoni, na si bila sababu. Mafuriko ya El Niño ya 1997 yanakadiriwa kuua watu wapatao 2,000 nchini humo. Yale ya vuli ya 2023 yaliua zaidi ya 100 na kuhamisha zaidi ya milioni moja. Katika mji wa Luuq, kando ya mto Juba, watu wapatao 2,400 walizingirwa na maji. Hata hivyo, Juba ni adui anayetanguliza salamu. Maji yake mengi hutoka nyanda za juu za Ethiopia, na yakipanda Luuq, watu wa Jilib na Jamaame huwa na siku kadhaa za kujihami. Mradi wa SWALIM wa shirika la FAO umejengwa juu ya nafasi hiyo: kina cha mto hupimwa juu, onyo hupelekwa chini.

Mvuvi wa Ngumi, Koyama au Chovai hana mto. Visiwa hivi ni miamba ya matumbawe iliyojipanga sambamba na pwani, na hatari yake hushuka kutoka mawinguni ndani ya dakika chache. Hoja yangu ni kwamba mfumo wa tahadhari wa eneo hili umepangwa kwa kipimo cha mto, hivyo bahari ikaachwa bila mlinzi.

Tuondoe kwanza hofu isiyo mahali pake. Vimbunga vya nchi kavu kama vya Marekani huhitaji upepo wa juu utofautiane sana na wa chini kwa kasi na mwelekeo, jambo lisilo la kawaida karibu na ikweta. Vimbunga vikubwa vya bahari navyo hudhoofika huko, kwa kuwa mzunguko wa dunia hausokoti upepo vya kutosha. (Kimbunga Ialy, kilichokaribia pwani ya Kenya na Somalia Mei 2024, kinatuonya tusile kiapo.)

Kinachopindua mashua ni dhoruba ya radi ya kawaida. Usiku upepo wa bara hutoka kukutana na hewa yenye unyevu ya baharini, mawingu hujikusanya, na mvua ikianza kunyesha sehemu yake hugeuka mvuke ikiwa bado angani. Hewa iliyopozwa namna hiyo huwa nzito. Hudondoka na kutawanyika juu ya maji kwa ghafla, mara nyingi mbele ya mvua yenyewe. Pwani ya Afrika Mashariki hupata sehemu kubwa ya mvua yake usiku wa manane hadi asubuhi, saa zile zile ambazo wavuvi wengi wako kazini.

Husemwa kwamba manahodha wa Kibajuni, watu wa visiwa hivi, hawahitaji kufundishwa upepo. Ni kweli kwa misimu: wanajua kusi, wanajua kaskazi, wanajua bahari inapofungwa. Lakini maleleji, kipindi cha tanga mbili kati ya misimu hiyo, ndicho cha mvua kubwa na ndicho ambacho kalenda haimsaidii mtu kujua kitakachotokea alfajiri ya kesho. Kuusifu ujuzi wa wazee kisha kuwaachia mzigo wote ni heshima ya bei rahisi mno.

Mfano mzuri uko Ziwa Victoria. Kati ya 2017 na 2021 mradi wa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulizisaidia idara za Tanzania, Kenya na Uganda kuwapa wavuvi utabiri wa dhoruba kwa lugha zao. Somalia haiwezi kuuiga moja kwa moja, kwani huduma yake ya hali ya hewa ilisambaratika pamoja na dola mwaka 1991. Lakini ng'ambo ya Ras Kiamboni kuna Lamu, yenye ofisi ya idara ya hali ya hewa ya Kenya, na wavuvi wa Kiunga na Faza ni Wabajuni vilevile. Anga ni moja. Utabiri ndio unaoishia mpakani. Kuusukuma hadi Kismayu kwa ujumbe wa sauti wa Kibajuni hakuhitaji rada mpya, kunahitaji makubaliano.

Ugumu halisi uko kwenye maonyo yasiyotimia. Kwa mwenye mashua ya mkopo, usiku mmoja bila samaki ni deni. Neno "tahadhari" tupu likirudiwa wiki nzima, atalipuuza. Ujumbe utaje saa na upande wa bahari, na anayeutuma awe mtu ambaye wavuvi wanaweza kumpigia kumuuliza.