Springi Fupi Kwenye Mchanga

Kijana wa Nairobi akinunua Demio, anauliza aishushe kiasi gani. Wajir tunauliza tuiinue kiasi gani, na jibu ni la zamani kuliko gari lenyewe. Mwaka 1934, kwa sheria ya wilaya maalumu, wakoloni walizidi kuibana Northern Frontier District: huingii, hutoki bila kibali. Nani angejenga barabara ya biashara hapo? Uhuru ukaja, na Sessional Paper namba 10 ya 1965 ikaelekeza pesa za maendeleo kwenye mvua na ardhi nzuri. Sisi tukabaki na mchanga wetu. Mji wa Wajir ulipata lami yake ya kwanza baada ya ugatuzi wa 2013!

Ndiyo maana Probox ya hapa husimama wima kama ngamia. Sasa lami kidogo ipo, na ukitaka kushusha gari la kila siku, sawa. Ila usikate springi kwa grainda. Gurudumu likining'inia, inaweza kuchomoka mahali pake. Nunua seti iliyoundwa fupi, ishuke sentimita mbili au tatu tu, na shoki zinazoendana nayo. Kama shughuli zako zinafika Habaswein, baki na springi za kiwandani.