Moto Hauhesabu

Tarehe 18 Julai 1989, Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu pale Mbuga ya Nairobi, dunia nzima ikiangalia. Picha ilikuwa noma. Lakini ilisaidia? Hapo lazima uhesabu.

Mwaka 1973 Kenya ilikuwa na ndovu kama 167,000. Kufikia 1989 walibaki kama 16,000. Biashara ya pembe ikapigwa marufuku kimataifa, na sensa ya 2021 ikapata 36,280. Poa.

Sasa cheki hii nyingine. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Kati ya mwaka huo na 2016, hesabu za kutoka angani zilionyesha wanyamapori kwenye nyanda za malisho wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Sheria ilikataza bunduki za wawindaji. Haikugusa seng'enge, mifugo wala ploti. Bila hesabu ya miaka yote hiyo, tungekuwa bado tunaisifu tu.

Ndio maana huku Dandora, tukisafisha Mto Nairobi, idadi ya magunia ya taka hainitoshi. Mwaka ujao maji yatakuwa aje? Ndege gani watakuwa wamerudi? Tuanze kuandika leo, kabla ya kusafisha.