Pesa za uzeeni, sehemu ya 6: Mgonjwa wa kifua kikuu aliyewapima watabiri wa soko

Nimetoka zamu asubuhi, nikalala kidogo, nikapika, watoto wameshalala. Tuendelee pale tulipoishia.

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia pembeni. Yuko huku Marekani kama mimi, ana watoto wawili wadogo, mumewe ni dereva wa lori. Mume amejiunga na "mfumo" anaoulipia kila mwezi. Mfumo unakutumia ujumbe kwenye simu: leo toka kwenye hisa, leo rudi. Hakuna kufikiri, kazi yako ni kufuata tu. Sasa anataka akiba yao yote ya kustaafu iendeshwe hivyo, maana ameonyeshwa mchoro unaosema kwamba aliyefuata mfumo huo kwa miaka 30 angekuwa tajiri. Dada anauliza: nesi, huo mchoro ni wa kweli au ni uongo?

Mchoro unaweza kuwa wa kweli kabisa, namba kwa namba, na bado usikufae kitu. Ili nieleze kwa nini, itabidi niwarudishe nyuma karibu miaka 100, kwa mgonjwa mmoja. Lakini kwanza kwa mlioko nyumbani: huku, mbali na mafao ya serikali, waajiri wengi wanakufungulia akaunti ya kustaafu. Inaitwa 401(k), na sisi wa hospitali zisizo za kibiashara mara nyingi tuna ndugu yake, 403(b). Kila mshahara unakatwa kidogo, mwajiri anaweza kuongeza chake, ila anayechagua pesa ikae wapi ni wewe. NSSF haikuulizi. Huku unaulizwa, na unaweza kuzitoa zote kwenye hisa na kuziweka mahali pasipopanda wala kushuka kwa kubonyeza simu tu, bila kukatwa kodi siku hiyo. Ndiyo maana wauza mifumo wanatupenda sana.

Sasa mgonjwa wetu. Alfred Cowles alizaliwa 1891 katika familia yenye uwezo, iliyohusiana na gazeti la Chicago Tribune. Akapata kifua kikuu. Streptomycin ilikuwa haijagunduliwa, ilikuja 1943, kwa hiyo tiba ilikuwa kupumzika, kula vizuri na kuvuta hewa kavu ya milimani. Waliojiweza walipelekwa Colorado Springs, mji uliojaa hospitali za wagonjwa wa kifua. Wauguzi wenzangu mnajua mgonjwa wa namna hiyo: akili inafanya kazi vizuri, mwili umeambiwa utulie, na siku ni ndefu.

Cowles alikuwa akisaidia kuangalia mali za familia, kwa hiyo alilipia majarida ya watabiri wa soko la hisa. Wakati ule walikuwa wengi, kama wauza mifumo wa leo. Likaja anguko la 1929. Kipimo cha Dow Jones cha hisa za viwanda kilikuwa 381 mwanzoni mwa Septemba mwaka ule. Julai 1932 kilikuwa 41. Hebu fikiria, katika kila dola 100, umebakiwa na 11 hivi. Na watabiri aliokuwa akiwalipa hawakumwonya.

Mwingine angewatukana akaacha kulipa. Cowles akaamua kuwapima, kwa mashine za kadi za kutoboa, maana kompyuta hazikuwepo. Mwaka 1932 alifungua taasisi ya utafiti wa uchumi palepale Colorado Springs, na mwaka 1933 akachapisha majibu yake kwenye jarida jipya la Econometrica.

Nataka muone jinsi alivyopima, kwa sababu ni kama tunavyopima dawa. Mtoto wako ana mafua, unampa dawa ya dukani, siku ya saba amepona. Unaisifu dawa. Lakini bila dawa angepona siku ngapi? Siku ya saba vilevile. Kwa hiyo usiulize "amepona?", uliza "amepona kuliko yule ambaye hakupewa?" Cowles hakuuliza kama watabiri walipata faida. Aliuliza kama walimzidi mtu ambaye hakufanya kitu chochote, aliyenunua soko zima akaliacha.

Alichukua kampuni 16 zilizokuwa zikiwashauri watu wanunue hisa gani, mapendekezo yapatayo 7,500 kwa miaka minne na nusu. Kwa wastani, aliyewafuata alibaki nyuma ya soko kwa asilimia 1.43 kila mwaka. Akachukua kampuni 20 za bima ya moto, watu wenye uzoefu na pesa nyingi: nyuma kwa asilimia 1.20. Halafu wale waliotabiri soko zima litapanda au litashuka, 24 kwa idadi: nyuma kwa asilimia 4 kwa mwaka.

"Lakini si wapo waliofaulu?" Wapo. Na hapa ndipo ninapompenda huyu mgonjwa. Alitengeneza watabiri 24 wa bandia kwa kuchomoa kadi bila kuangalia, kadi ndiyo iliyosema nunua au uza. Kisha akawalinganisha na wale wa kweli. Mtabiri bora wa kweli hakuwa bora kuliko kadi bora. Ukiwa na watu 24 wanaobahatisha, lazima mmoja atoke anang'aa, na huyo ndiye atakayekuja kukuuzia kitabu.

Cowles hakuishia hapo, alimpima pia mtu mmoja peke yake: William Peter Hamilton, mhariri wa Wall Street Journal. Hamilton alifuata nadharia ya Charles Dow, na hii ndiyo inayokaribiana na mfumo wa mume wa dada yetu. Ilikuwa na kanuni: angalia kipimo cha viwanda na kipimo cha reli, vyote viwili vikivuka vilele vyake vya nyuma, soko linapanda, vyote vikishuka chini ya mabonde yake, toka. Haikuwa mashine kamili, Hamilton alitumia busara yake pia, lakini kanuni zilikuwepo. Na wiki chache kabla hajafika mwisho wa maisha yake alionekana nabii, maana Oktoba 1929 aliandika kwamba mkondo umegeuka. Alifariki Desemba mwaka uleule.

Cowles akasoma tahariri zake za miaka 26. Alikuta ametangaza mabadiliko mara 90. Mara 45 alikuwa sahihi, mara 45 alikosea. Aliyemfuata angepata wastani wa asilimia 12 kwa mwaka. Nzuri sana, si ndiyo? Ila aliyekaa tu bila kugusa angepata 15.5. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu: dola 100 kwa miaka 26 kwa asilimia 12 ni karibu 1,900. Kwa 15.5 ni zaidi ya 4,200. Na huyo Hamilton ndiye aliyeliona anguko!

Lazima nimtendee haki. Mwaka 1998 watafiti watatu walizirudia tahariri zake na kuonyesha kwamba, kwa kuwa vipindi fulani alikuwa nje ya soko, mfuasi wake alipata misukosuko michache. Ukihesabu hatari pamoja na faida, hakuwa mbaya kama Cowles alivyomfanya. Nakubali. Kuna mtu angechukua pesa pungufu ili apate usingizi, na huo ni uamuzi halali. Mradi tu aambiwe kwamba anauziwa usingizi, asiambiwe anauziwa utajiri.

Miaka ya 1960 zikaja kompyuta na kanuni zisizo na busara ya mtu ndani yake kabisa. Sidney Alexander wa chuo cha MIT alijaribu kanuni rahisi mwaka 1961: bei ikipanda asilimia 5 kutoka chini, nunua, ikishuka asilimia 5 kutoka kileleni, uza. Kwenye karatasi ilileta faida kubwa. Kisha Benoit Mandelbrot, mtaalamu wa hesabu, akaonyesha tundu: bei haipandi ngazi moja moja, inaruka. Ukisubiri ifike asilimia 5, wewe utainunua ikiwa 6 au 7. Alexander, kwa uungwana, alirudia hesabu mwaka 1964 na sehemu kubwa ya faida ikayeyuka. Mwaka 1966 Eugene Fama na Marshall Blume walizijaribu kanuni hizo kwa hisa 30 za Dow Jones. Zile za kununua na kuuza haraka haraka zilionekana kushinda kidogo, mpaka walipoweka ada ya dalali. Ada ilikula yote.

Kwa hiyo mama, ukionyeshwa mchoro, uliza kama ada imo. Na ada ya kila mwezi ya mfumo wenyewe, imo?

Tundu gumu kuliko yote ndilo lililomnasa mume wa dada yetu. Mwaka 1999 watafiti Sullivan, Timmermann na White walichukua kanuni 7,846 wakazipitisha kwenye karibu miaka 100 ya kipimo cha Dow. Kanuni iliyoshinda kwenye miaka 90 ya kwanza ilikuwa nzuri kweli. Wakaipeleka kwenye miaka kumi iliyofuata, 1987 hadi 1996, miaka ambayo haikuhusika kuichagua. Ubora ukapotea. Ni kadi za Cowles zilezile: ukijaribu kanuni maelfu kwenye historia ileile, itapatikana moja inayoikaa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Mtoto wa mwakani hawezi kuvaa nguo hiyo. Mchoro wa miaka 30 si wa uongo, ila nguo ilishonwa baada ya mtoto kupimwa.

Sasa niwaambie langu, ingawa naona aibu. Mwaka 2020 na mimi nilikuwa na kanuni, ile maarufu ya wastani wa siku 200: soko likifunga chini ya wastani huo, toka, likirudi juu, rudi. Nilijiona mwerevu. Mwisho wa Februari soko likashuka chini ya wastani. Kanuni ilisema toka. Mimi nilikuwa wodini, tunajifunza kuvaa mavazi ya kujikinga, tunahesabu barakoa. Sikutoka. Nilikuja kuuza katikati ya Machi, nikiwa natetemeka, soko likiwa karibu na chini kabisa. Mwisho wa Mei soko likapanda juu ya wastani, kanuni ikasema rudi. Mimi nilikuwa nimetoka kuona wagonjwa wanafariki, nikasema haiwezekani, litaanguka tena. Nilirudi Septemba. Vipande nilivyouza kwa dola 100 nikavinunua tena kwa zaidi ya 130.

Angalieni vizuri: aliyefuata kanuni bila kukosea siku hata moja alipoteza kidogo tu, alinunua juu kidogo ya alipouzia. Mimi nilipoteza kwa sababu kanuni ilijaribiwa kwenye karatasi na mtu asiyekuwepo: hana zamu ya usiku, hana mtoto mwenye homa, haogopi. Tunalijua hili kwenye kifua kikuu. Dawa za miezi sita zinaponya vizuri zikimezwa zote. Mgonjwa halisi anaruka wiki mbili anaposikia nafuu. Huwezi kupima dawa ukasahau kumpima anayeimeza.

Dada nilimwambia asigombane na mumewe. Amwombe mchoro mwingine, unaoanza siku aliyolipia mfumo mara ya kwanza, ada zote zikiwa ndani, ukilinganishwa na mfuko wao uleule kama ungeachwa bila kuguswa. Ameniandikia jana: mume ana miezi 14, na hana mchoro huo. Wamekubaliana kuanza kuandika kwenye daftari: tarehe ya ujumbe, siku ambayo yeye kweli angeweza kuutekeleza akiwa barabarani, na bei ya siku hiyo. Akiba yenyewe haijaguswa.

Cowles, kwa mliouliza moyoni, alipona vya kutosha. Mwaka 1944 alirudia kipimo chake kwa utabiri 6,904, majibu yakawa yaleyale, na aliishi mpaka 1984, akiwa na miaka 93. Kesho naingia zamu ya usiku mbili mfululizo. Sehemu ya 7, kuhusu ada za mifuko, nitaiweka Jumamosi nikiamka.