Nani Anashinda na Mtoto?

Anayetaka kujua historia ya kulea mtoto mwenye usonji hapa Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu ya Shinyanga, asianzie hospitali. Aanze kwa kuuliza ni nani alikuwa anashinda naye.

Mimi ni muuguzi niliyestaafu kwa hiari, Msukuma wa Shinyanga vijijini. Nilizaliwa wakati kaya bado zilikaa mbalimbali, kila moja na ng'ombe wake, ua wake wa minyaa na bibi yake. Mtoto wa miaka miwili alikuwa na bibi, dada wa kumbeba mgongoni, na mama akirudi kutoka shamba la pamba. Hata asiyezungumza alizungukwa na watu haohao kutwa nzima. Sisemi alitibiwa. Wengine walifichwa ndani. Wengine waliwaletea bibi zao balaa: mganga aliulizwa nani kamfunga mtoto ulimi, na kidole kikaelekea kwa kikongwe mwenye macho mekundu, mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe alichopikia miaka yote. Mkoa wetu umezika vikongwe wengi kwa hesabu hiyo. Aliyekuwa na muda mwingi na mtoto ndiye aliyeshukiwa kwanza.

Mwaka 1974 Operesheni Vijiji, ya kuzihamishia kaya kwenye vijiji vya pamoja, ikatukuta. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka nguzo za nyumba zikipakiwa kwenye lori. Mwaka 1977 ikaja elimu ya msingi kwa wote, na dada mlezi akaenda shule. Lilikuwa jambo jema, nami ni tunda lake, ila hakuna aliyeuliza nafasi ya mgongo wake itashikwa na nani asubuhi. Kisha dhahabu. Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo mwaka 1990, ukanda huu wa Geita, Kahama na Shinyanga ukafurika watu. Vijana walifuata maduara, yaani mashimo ya dhahabu, wanawake wakafuata vijana, na bibi akabaki kijijini na ng'ombe. Kwenye makambi walizaliwa watoto ambao mlezi wao ni mama peke yake, naye yuko mwaloni kunakooshwa dhahabu au anachagua mawe karibu na karasha, mashine ya kusaga mawe.

Miaka hiyo yote, na hata kabla yake, mbali na sisi, wataalamu walikuwa wanazunguka njia ndefu kurudi kwa mzazi. Mwaka 1938 mwanasheria wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, alimwandikia daktari Leo Kanner wa Baltimore barua ya kurasa 33 kuhusu mwanawe: anachokula, anachozungusha, maneno anayorudia. Kanner alipochapisha makala yake ya watoto 11 mwaka 1943, kisa cha kwanza kilisimama juu ya barua hiyo. Kwa maoni yangu elimu nzima ya usonji ilianza na baba aliyekaa chini akamtazama mtoto wake vizuri.

Shukrani waliyopata wazazi ilikuwa lawama. Bruno Bettelheim, katika kitabu cha mwaka 1967, aliwabebesha akina mama mzigo wote: eti ubaridi wao ndio uliomfunga mtoto. (Nikisoma hayo nawaona wale vikongwe wetu. Marekani walitumia kalamu, huku wakatumia panga.) Mwaka huohuo mama mmoja, Clara Claiborne Park, alitoa kitabu kiitwacho The Siege, akieleza jinsi alivyokaa sakafuni na binti yake, mchezo kwa mchezo, mpaka akapata mlango. Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa amekwisha kuipinga nadharia ya lawama mwaka 1964. Kule North Carolina, Eric Schopler aliwafanya wazazi kuwa walimu wenza, na mwaka 1972 mpango wake ukawa wa jimbo zima.

Halafu Ivar Lovaas, mwaka 1987, akatangaza matokeo ya mafunzo ya saa 40 kwa wiki. Saa 40! Hiyo ni ajira kamili ya mtu mzima. Mwakitolyo mama anayepewa saa moja ya kupumua hana uhakika wa chakula cha jioni.

Ndiyo maana navutiwa zaidi na jaribio la Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan, lililochapishwa mwaka 2016. Kati ya watoto 65 waliokuwemo, wahudumu wasio wataalamu waliwafundisha wazazi wa watoto 32, na wazazi hao wakajifunza kumjibu mtoto kwa wakati wake. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo ya walezi, vikao 9 vya pamoja na ziara 3 nyumbani, kwa watoto wa miaka 2 hadi 9. Yamejaribiwa mpaka Kenya na Ethiopia.

Mbinu zenyewe hazina maajabu. Chuchumaa mpaka uso wako uwe sawa na wake. Fuata anachokitazama, usimvute kwenye chako. Mwige, kisha nyamaza umsubiri. Mama mmoja alikuwa na mwana anayepanga kokoto mstari mmoja ukutani. Akimwondolea, kilio.

"Mama nesi, nimtupie mbali hizo kokoto?"

"Hapana mama, zishike wewe. Mpe moja, useme 'jiwe', usubiri."

Siku nyingi kijana alichukua bila kutazama. Baadaye akaanza kunyoosha mkono, kisha mkono pamoja na macho. Hospitali ndogo haina dawa ya kuleta hilo.

Hospitali ina kazi yake nyingine. Watafiti wa Muhimbili na wenzao walieleza mwaka 2006 watoto 14 wenye usonji; watatu walikuwa wakikua vizuri mpaka malaria kali yenye degedege. Ukanda huu una malaria nyingi, kwa hiyo homa ya mtoto haisubiri mama amalize mawe.

Tangu Desemba 2021 tuna programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali, PJT-MMMAM. Ni nzuri kwenye karatasi. Lakini ziara tatu za nyumbani za yale mafunzo ya walezi zinahitaji nyumba inayokaa pale ilipo, na hapa ukienda mara ya pili unaambiwa wamehamia rashi nyingine, yaani machimbo mapya. Ningepewa nafasi, ningeanza na kibanda chenye kivuli mbali na vumbi la karasha na zebaki ya mwalo, mlezi anayelipwa na wenye leseni na maduara, na kikao baada ya kazi. Bibi aletwe kwa nauli, alipwe naye.