Nyumba ya Anasi na Nyumba ya Yuda Mgalilaya

Mwaka 6 BK Kaisari Augusto alimwondoa Arkelao, mwana wa Herode, katika utawala wa Uyahudi, akampeleka uhamishoni. Nchi ikawekwa chini ya liwali wa Kirumi, na Kirenio, liwali wa Shamu, akaja kuandikisha mali za watu ili zitozwe kodi. Hapo zilichomoza nyumba mbili. Ya kwanza ni ya Anasi mwana wa Sethi, ambaye Kirenio alimpa ukuhani mkuu. Ya pili ni ya Yuda Mgalilaya, mzaliwa wa Gamala. Huyu alisimama pamoja na Farisayo mmoja aitwaye Sadoki, akawaambia watu kwamba kukubali andikisho lile ni kukubali utumwa, kwani Bwana wao ni Mungu peke yake.

Kwa desturi ya zamani, kuhani mkuu alirithi cheo kwa baba yake na kukishika mpaka kufa. Herode aliivunja desturi hiyo. Aliwaleta makuhani kutoka Babeli na Misri, watu wasio na nguvu Yerusalemu, akawaweka na kuwaondoa apendavyo. Josephus, mwanahistoria aliyekuwa mwenyewe wa ukoo wa makuhani, anahesabu makuhani wakuu 28 katika miaka 107, tangu Herode mpaka Hekalu lilipoteketezwa. Warumi waliendelea na utaratibu huo kwa sababu uliwafaa.

Hali ya cheo hicho inaonekana wazi zaidi katika habari ya vazi lake. Vazi takatifu, lililovaliwa katika sikukuu tatu za mwaka na siku ya mfungo, lilifungiwa ndani ya ngome ya Antonia, iliyopakana na Hekalu na kukaliwa na askari wa Kirumi. Liliwekwa katika chumba cha mawe chini ya muhuri wa makuhani na watunza hazina, na mkuu wa walinzi aliwasha taa humo kila siku. Siku 7 kabla ya sikukuu lilitolewa. Kuhani mkuu akalitakasa, akalivaa, na sikukuu ilipokwisha likarudi ngomeni. Mtu pekee aliyeruhusiwa kuingia Patakatifu pa Patakatifu alikuwa akipokea vazi lake mkononi mwa askari asiyemwabudu Mungu wake! Vitellius, liwali wa Shamu, alilirudisha kwa makuhani mnamo mwaka 36, na watu wakafurahi sana. Miaka michache baadaye liwali Fadus alitaka lirudi ngomeni, ikabidi wajumbe wasafiri hadi Roma. Mwaka 45 Kaisari Klaudio aliamua libaki kwa Wayahudi wenyewe.

Anasi alikaa kitini miaka 9 hivi. Liwali Valerius Gratus alimwondoa mwaka 15, lakini kuondolewa hakukumpunguzia uzito. Wanawe 5 walikuwa makuhani wakuu kwa nyakati tofauti: Eleazari, Yonathani, Theofilo, Mathiya na Anasi Mdogo. Mkwewe Kayafa alidumu tangu mwaka 18 mpaka 36, muda mrefu kuliko yeyote wa karne ile. Injili ya Yohana inasema kwamba Yesu alipokamatwa alipelekwa kwanza kwa Anasi, ambaye wakati huo alikuwa ameondoka madarakani zaidi ya miaka 10. Anayejua jinsi ukoo wenye nguvu unavyoendeshwa haoni ajabu: cheo kilikuwa kwa mkwe, mamlaka yalikuwa kwa mzee.

Je, watu hawa walikuwa vibaraka tu? Mimi naona hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mapatano yao na Roma yalikuwa na faida yake. Hekaluni ilitolewa sadaka kila siku kwa ajili ya Kaisari, na kwa kuwa sadaka hiyo ilitolewa, Roma haikudai sanamu yake iwekwe humo. Tatizo ni kwamba mapatano yalisimama juu ya hiari ya mtu mmoja. Kaisari Kaligula alipoagiza sanamu yake isimamishwe Hekaluni, Theofilo alikuwa ndiye kuhani mkuu. Lakini sifa ya siku zile ni ya watu wa kawaida, ambao kwa maelfu waliacha kulima, wakaenda kumwambia Petronius, liwali wa Shamu, kwamba wako tayari kuchinjwa. Petronius akachelewesha kazi kwa makusudi, na mwaka 41 Kaligula akauawa.

Watu hao wengi hawakuwa wa kundi lolote. Josephus anawataja Mafarisayo zaidi ya 6,000 wakati wa Herode, na Waeseni zaidi ya 4,000 walioishi kwa shirika la mali. Masadukayo walikuwa wachache na wenye vyeo. Anasi Mdogo alikuwa mmoja wao. Walikataa ufufuo, wakakataa pia mapokeo ya wazee ambayo Mafarisayo waliyathamini pamoja na torati. Hata hivyo Sadukayo aliyeshika madaraka alilazimika kufuata maneno ya Mafarisayo, kwa kuwa watu hawangemvumilia vinginevyo. Hapa ndipo udhaifu wa nyumba ya Anasi ulipokuwa. Watu walilipenda Hekalu kwa moyo wote, wakalipa nusu shekeli yao kila mwaka hata kutoka nchi za mbali, bila kuwapenda walioshika funguo zake. Mambo yakazidi kuharibika miaka ya mwisho, watumishi wa makuhani wakuu walipokwenda kwenye viwanja vya kupuria nafaka na kunyang'anya zaka kwa nguvu, hata makuhani maskini wakafa njaa.

Nyumba ya Yuda haikuwa na kiti cha kurithishana. Yuda mwenyewe aliuawa na wafuasi wake wakatawanyika. Wanawe Yakobo na Simoni walisulubiwa na liwali Tiberius Alexander kati ya mwaka 46 na 48. Fikra yao ikasalia kwa watu wa majambia, waliojichanganya na umati wa sikukuu, silaha chini ya nguo. Wakati wa liwali Feliki walimuua Yonathani mwana wa Anasi. Josephus anadai Feliki mwenyewe ndiye aliyepanga, kwa kuwa alichoshwa na maonyo ya kuhani huyo.

Mwaka 62 liwali Festo alifariki, na kabla Albinus hajafika Anasi Mdogo aliitisha baraza, akamhukumu Yakobo, ndugu yake Yesu, apigwe mawe pamoja na wengine. Wenyeji wenye kuishika torati kwa bidii walichukizwa, wakapeleka mashtaka. Mfalme Agripa wa pili akamvua cheo baada ya miezi 3 tu.

Vita dhidi ya Roma vilipoanza mwaka 66, sadaka ya Kaisari ilisimamishwa na nyumba ya kumbukumbu za madeni ikachomwa moto. Menahem wa nyumba ya Yuda aliingia Yerusalemu kama mfalme. Watu wake wakamuua Anania, aliyewahi kuwa kuhani mkuu, na muda si mrefu Menahem naye akauawa na kundi la Eleazari, mwana wa Anania huyo. Anasi Mdogo alichaguliwa kuwa mmoja wa viongozi wa mji. Wazelote, kundi la waasi wakali, walipolishika Hekalu walipiga kura, wakampata kuhani mkuu Pinhasi, mtu wa kijijini. Anasi akawazingira. Usiku wa tufani kali Waidumea, watu wa kusini mwa Uyahudi, waliingia mjini kuwasaidia Wazelote, wakamuua Anasi na kumtupa bila maziko. Kwa Josephus, kuanguka kwa mji kulianza siku ile.

Msomaji akumbuke kwamba Josephus alijisalimisha kwa Warumi mwaka 67 na akaandikia Roma, chini ya ufadhili wa Kaisari. Katika kitabu kimoja anamsifu Anasi Mdogo, katika kingine anamwita mtu wa pupa. Hakuna kitabu cha wapinzani wa Josephus kilichobaki kumjibu.

Hekalu liliteketea mwaka 70. Eleazari mwana wa Yairi, jamaa ya Menahem, alijifungia katika ngome ya Masada mpaka mwaka 73 au 74, na huko nyumba ya Yuda ikaisha. Ya Anasi imebakiza sanduku la mifupa la Yehohana, mjukuu wa kike wa Theofilo kuhani mkuu, lenye maandishi ya nasaba hiyo. Kazi ya kuilinda dini ikachukuliwa na walimu waliokusanyika katika mji wa Yavne pamoja na Yohanan ben Zakai, warithi wa Mafarisayo, na mafundisho yao ndiyo msingi wa ibada ya Wayahudi hadi leo.