Dumu lilikuwa na nini? Vitu vya kutengeneza na watoto nyumbani, na vyombo vya kuviacha

Kila shule zinapofungwa, mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili, ujumbe unaoingia kwenye simu ya studio hubadilika. Wazazi wanauliza watoto wafanye nini mchana kutwa baada ya kuchota maji na kurudisha mbuzi. Wengine wanasema walisikia hewani namna ya kutengeneza kitu fulani, lakini kalamu haikuwa karibu. Makala haya ni ya hao. Hakuna kitu cha kununua humu isipokuwa labda kipande cha sabuni na kamba. Vilivyobaki ni madumu, soksi, visoda, maboksi na ndala zilizokatika.

Ila kabla ya kushika mkasi, kuna swali moja la kujibu: chombo hiki kilikuwa na nini?

Mimi nimekulia kwenye pamba. Siku moja mama alirudi shambani na dumu jeupe la lita 5, zima kabisa, lenye kifuniko chake. Alilikuta limetupwa kando ya shamba. Akalisugua kwa mchanga, majivu na sabuni mpaka likang'aa, akalianika juani, tukajua tumepata dumu la maji ya shule. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akipulizia dawa, alipofika jioni akalinusa, akauliza limetoka wapi, kisha akachukua panga akalikata vipande viwili. Mama alinuna siku nzima. Dumu zuri lile! Hakuna aliyeugua nyumbani kwetu, kwa sababu mtu mmoja alilitambua kabla hatujalitumia.

Mama hakuwa mzembe. Alifanya kila ambacho mtu anajua kuhusu kuosha chombo. Tatizo ni kwamba plastiki hunywa dawa. Dawa huingia ndani ya ukuta wa dumu, na sabuni haiwezi kuifuata huko. Harufu ikiisha, dawa haijaisha, na itaendelea kutoka kidogo kidogo kuingia kwenye maji, maziwa au mafuta utakayoweka. Kwa hiyo dumu au chupa ya dawa ya shamba, ya kuogeshea mifugo, ya kuulia panya au kunguni haitengenezwi kitu chochote. Haifai hata kuwa mdoli au gari, kwa sababu mtoto hucheza nacho kisha anatia vidole mdomoni.

Kama lebo bado ipo, tazama ukanda wa rangi uliopo chini yake. Nyekundu ndiyo sumu kali kupita zote, inafuata njano, kisha bluu, halafu kijani. Wapo wanaodhani ukanda wa kijani maana yake dumu lile ni salama kwa maji. Sivyo. Rangi inaeleza ukali wa dawa, haisemi chochote kuhusu kutumia tena chombo. Na kama lebo imebanduka na hakuna anayejua lilikotoka, lihesabu kuwa ni la dawa.

Anayemaliza dawa shambani ndiye anayeweza kuzuia balaa hili mapema. Suuza chombo mara 3, na kila mara maji ya kusuuzia yamimine kwenye bomba la kupulizia ili yaishie shambani. Halafu kitoboe matundu kiwe hakiwezi kubeba maji tena. Usikichome moto wala kukitupa mtoni. Muulize afisa ugani wa kata au duka ulikonunua namna ya kukirudisha.

Jambo hilo lina upande wake wa pili, na huo ndio unaowapata watoto wadogo zaidi. Chupa ilikuwa ya soda au ya maji, safi kabisa, kisha tukaijaza mafuta ya taa au dawa tuliyopimiwa dukani. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, anaijua chupa. Ikitokea amekunywa mafuta ya taa, usimtapishe, kwa maana yakirudi juu yanaweza kuingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoua. Usipoteze muda kutafuta maziwa. Mkimbize zahanati na uende na chupa yenyewe.

Sasa tuje kwenye vyombo vilivyo salama: madumu ya mafuta ya kula, ya maji, ya juisi.

Kibuyu chirizi

Hiki nakiweka mbele kwa sababu kinakaa karibu na choo na kinatumika kila siku. Jina lake lina sababu: kule Zimbabwe vilitengenezwa kwa kibuyu chenyewe, na mwenye kibuyu leo bado anaweza kukitumia.

Tafuta dumu la lita 3 au 5 lenye mkono. Pasha moto msumari mwembamba, kazi hiyo afanye mtu mzima, kisha toboa tundu moja au mawili kwenye upande ulio mkabala na mkono, chini ya kifuniko kiasi cha upana wa kiganja. Watu wengi hukosea hapa kwa kutoboa karibu na kitako, na maji yanamwagika yote. Tundu likiwa juu, maji hukaa chini yake na hayatoki mpaka dumu liinamishwe.

Chimbia miti miwili yenye panda, iachane kama sentimita 70. Pitisha fimbo kwenye mkono wa dumu, ilaze kwenye zile panda. Funga kamba shingoni mwa dumu, iteremshe mpaka kwenye kijiti kinacholala chini. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama na maji yanachirizika, ukiachia, linarudi. Aliyetoka chooni hagusi dumu, na uzuri wake wote upo hapo. Usijaze maji kupita tundu, maana yatavuja bila mtu.

Sabuni itoboe katikati, ining'inize kwa kamba kwenye ile fimbo, na juu yake weka kifuu au kitako cha kopo kama kofia. Mvua haitaiyeyusha. Kunguru ni habari nyingine. Wanaiba sabuni kweli, na msikilizaji mmoja alituambia ameishia kuiweka ndani ya soksi. Unalowesha soksi, unasugua, povu linatoka. Chini mwaga kokoto ili pasiwe na tope. Mtoto wa miaka mitano akipewa kazi ya kujaza dumu hilo kila asubuhi, ataona ni lake.

Mpira wa chandimu

Kizazi chetu tulifunga chandimu kwa mifuko ya rambo. Tanzania ilipiga marufuku mifuko hiyo ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, Kenya ilitangulia Agosti 2017 na Rwanda mwaka 2008, na watoto hawakuacha kucheza. Wamerudi kwenye vitambaa na soksi, na kwa maoni yangu mpira wa sasa ni mzuri zaidi, haupasuki ukipigwa juani.

Siri ya kudunda ipo katikati. Weka kipande cha sponji ya godoro kuukuu, ukubwa wa ngumi, usikikandamize sana. Zungushia vitambaa vyembamba ukikaza kila raundi, huku ukiugeuza ili uwe duara na usiwe yai. Ukifikia ukubwa wa chungwa kubwa, utumbukize kwenye soksi, sokota mdomo wa soksi, kisha irudishe soksi juu ya mpira kutoka upande wa pili. Rudia mpaka soksi iishe, ongeza nyingine.

Mwisho ni wavu wa kamba, na hapo ndipo wadogo huhitaji mkubwa. Zungusha kamba ya katani mpira mzima kutoka juu kwenda chini, kama mistari ya tikiti maji, halafu pita kwa kukatisha, ukifunga fundo kila kamba zinapokutana. Bila wavu mpira unadumu siku mbili. Ukifungwa vizuri unamaliza likizo.

Drafti ya visoda

Ubao ni kipande cha boksi cha sentimita 32 kwa 32. Kigawe miraba 8 kwa 8, kila mmoja sentimita 4, kisoda kitakaa ndani bila kubanana. Miraba 32 ipakwe mkaa, ikipishana na mieupe. Juu yake paka uji mwembamba wa unga wa ngano, ukikauka mkaa hautashika mikononi.

Visoda vinahitajika 24, kila mchezaji 12. Mmoja anavilaza vyake kifudifudi, mwingine chali, basi rangi hazihitajiki. Kete ikifika mwisho na kuwa kingi, ongeza kisoda cha pili juu yake. Babu wengi vijijini ni hatari kwenye mchezo huu, na ni njia nzuri ya kumkalisha mjukuu karibu naye bila simu. Kwa wa darasa la kwanza, visoda hivyo hivyo ni vya kuhesabia: vifunge kumi kumi kwenye waya na makumi ataelewa kwa kushika.

Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 3, hesabu visoda kabla ya kuvirudisha. Kimoja kikipotea kinatafutwa usiku huo huo, kwa sababu kinatosha kumkaba koo.

Gari la kopo na ndala

Magurudumu ni duara nne za ndala iliyokatika. Kata kwa kuzungushia kisoda au kikombe, toboa katikati, pitisha spoku ya baiskeli. Bodi ni kopo au chupa ya plastiki ya mafuta ya kula. Watoto wenyewe wanajua zaidi yangu namna ya kuweka usukani wa fimbo ndefu, waachie. Ndala ni mali: pwani ya Kenya zile zinazotupwa na bahari hukusanywa, zikagandishwa pamoja na kuchongwa tembo na twiga wa kuuza.

Ukitumia kopo la bati, pondaponda ukingo wake kwa nyundo au jiwe ulale ndani kabla mtoto hajalishika, pitisha kidole chako mwenyewe kuzunguka kuhakikisha. Kopo la rangi ya ukuta liache, na betri zilizokwisha zisivunjwe kutoa ile fimbo nyeusi ya katikati, ingawa najua ndiyo kalamu tuliyoandikia kwenye kuta za wenzetu.