Walinzi wa Amani, Nao Hulindwa na Nani?

Siku moja baada ya sala ya Ijumaa tulikaa barazani Msangeni, huko Ugweno katika milima ya Upare, mahali ambapo ukungu ukiondoka mtu huliona Ziwa Jipe limelala chini upande wa mashariki. Mzee mmoja, ambaye alikwenda vita vya Kagera mwaka 1978 na Mwenyezi Mungu akamrudisha salama, alitupa habari ya mjukuu wake. Kijana amechaguliwa katika kikosi kinachokwenda nchi za nje kulinda amani. Wenzake walimpa mkono wa heri. Yeye akauliza: "Sisi tulijua tunakwenda kupigana na Iddi Amin, naye alijua tunakuja. Hawa wanakwenda kulinda amani. Basi anayewapiga ni nani, na kwa kosa gani?"

Swali lile halikupata jibu siku ile. Niliondoka nalo, na haya ndiyo niliyoyakusanya.

Kazi ya kulinda amani chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa ilianza mwaka 1948. Mwaka 1956, baada ya vita vya Suez, askari waliopelekwa Misri walivishwa kofia zilizopakwa rangi ya buluu ili watambulikane kwa mbali. Msomaji azingatie jambo hili. Askari wa kawaida huvaa rangi ya majani na udongo ili asionekane, lakini mlinzi wa amani huvaa rangi ya kuonekana. Kinga yake haikuwa kofia, bali ahadi: pande mbili zilizopigana zimekubali kunyamazisha bunduki, zimemwita mtu wa tatu asimame katikati, na zimeahidi kutomgusa. Ahadi ikivunjwa, rangi ile ile humwonyesha adui mahali pa kulenga.

Mwezi wa Aprili 1994 ahadi hiyo ilivunjwa mjini Kigali. Tarehe 7 waliuawa askari 10 wa Kibelgiji waliokuwa wamepelekwa kumlinda Waziri Mkuu wa Rwanda, Bibi Agathe Uwilingiyimana, na bibi huyo naye akauawa. Watoto wake waliokolewa na Kapteni Mbaye Diagne, Mwislamu kutoka Senegal, aliyekuwa mwangalizi asiyebeba silaha. Kwa wiki nyingi kapteni huyu aliwapitisha watu, wachache wachache, ndani ya gari lake katika vizuizi vya wauaji, akiwachekesha waliosimama pale na kuwagawia sigara. Tarehe 31 Mei kombora lilianguka karibu na gari lake akiwa kizuizini, akafa siku chache kabla ya kurejea kwao. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka 2014 Baraza la Usalama liliweka nishani ya ushujaa yenye jina lake, na nishani hiyo tutakutana nayo tena mbele.

Amma askari wetu wa Tanzania, msiba wa kwanza mkubwa uliwafika Darfur, nchini Sudan, tarehe 13 Julai 2013. Msafara wao ulivamiwa njiani, 7 wakafa na 17 wakajeruhiwa. Mwaka huo huo, mwezi wa Machi, Baraza la Usalama lilikuwa limekwisha kuruhusu kikosi cha namna mpya mashariki ya Congo, cha askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Kikosi hiki hakikuambiwa kisimame katikati. Kiliamriwa kiyafuate makundi yenye silaha na kuyavunja nguvu.

Hapo ndipo jibu la mzee linapoanza. Mwenye kwenda kumpokonya mtu bunduki amekwisha kuwa upande mmoja wa vita, hata akivaa buluu. Sisemi kwamba amri ile ilikuwa mbaya. Wanavijiji wa Beni wamechinjwa miaka na miaka, wake kwa waume, na lau hapana aliyekwenda wangebaki peke yao. Nasema tu kwamba neno "amani" lilibaki lile lile na kazi ikabadilika, wala sidhani kwamba wazee wengi huko vijijini walielezwa.

Tarehe 7 Desemba 2017, wakati wa jioni, kambi ya Watanzania huko Semuliki, katika eneo la Beni, ilishambuliwa. Mapigano yaliendelea usiku kwa masaa mengi. Waliuawa askari 15, wakajeruhiwa zaidi ya 40, na mmoja hakuonekana. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Bwana António Guterres, alisema lilikuwa shambulio baya kuliko yote waliyopata walinzi wa amani katika historia ya karibuni. Miili iliagwa Upanga, Dar es Salaam, kwenye makao makuu ya jeshi, na mingine ikavushwa bahari kwenda kuzikwa Zanzibar. Walioshukiwa ni ADF, kundi lililotoka Uganda ambalo hujinasibisha na Uislamu. Miongoni mwa waliouawa usiku ule walikuwamo Waislamu waliofunga na kusali kama sisi.

Umoja wa Mataifa ulipeleka wachunguzi, nao walichokiona kinauma pengine kuliko risasi. Hapakuwapo mpango madhubuti wa kuwapelekea msaada waliozingirwa wala wa kuwatoa. Ndege zilikosekana, upelelezi ulikuwa hafifu, uongozi na njia za amri zilikuwa na kasoro. Basi hatari ya askari wale haikutoka porini peke yake. Nyingine ilikaa ofisini, ikingoja siku yake. Mwezi ule ule Jenerali Santos Cruz wa Brazil, aliyepata kuongoza majeshi ya Umoja wa Mataifa huko Congo, alimaliza taarifa yake, nayo ikasema wazi kwamba kofia ya buluu na bendera havimkingi tena mtu.

Tangu 1948 wamekufa katika kazi hii watu zaidi ya 4,000, na maradhi na ajali kwa pamoja zimewachukua wengi kuliko silaha. Hayo nayo mwenye kumuaga mwanawe ayajue.

Limebaki jambo moja. Novemba 2018, huko Kididiwe, Beni, askari wa Malawi na wa Tanzania waliingia katika mapigano makali na ADF. Koplo mmoja wa Kitanzania alijeruhiwa vibaya akabaki mahali pa wazi, risasi zikimpitia. Askari wa Malawi asiye na cheo, Chancy Chitete, alimfuata, akamburuta hadi penye kificho, akaanza kumfunga majeraha. Akiwa katika kazi hiyo alipigwa risasi, na jeraha hilo likamwua. Koplo alipona. Siku zile walikufa askari wa Malawi na wa Tanzania. Mwezi wa Mei 2019, huko New York, mjane wa Chitete alikabidhiwa nishani ya Kapteni Mbaye Diagne.

Nilipopanda tena Msangeni nilimsimulia mzee yote haya. Juu ya Semuliki aliuliza swali la kiaskari: wenzao walikuwa umbali gani? Juu ya koplo alinyamaza kitambo. Kisha akataka nimtajie tena jina la yule Mmalawi, akalitamka polepole mara mbili ili lisimpotee.